Mize Yupo

Ipo siku moja, mwanangu, kila nikiikumbuka viganja hunipoa. Mapinduzi yamepita, walimu haba, nami mwanagenzi wa ualimu nafanya mazoezi ya kufundisha katika skuli moja upande wa Mtambile.

Kuita majina kulinichosha. Nikawa natia alama ya vema daftari zima la mahudhurio: wote wapo. Mdharau mwiba, mguu huota tende. Siku nne watoto walinitazama nikiandika, kimya. Nikadhani ni adabu. Benchi la tatu lilikuwa na nafasi moja tupu. Wengine walikaa sakafuni, na hakuna aliyeijaza.

Siku ya tano mama mmoja alisimama mlangoni.

"Mwalimu, mimi mamake Mize. Mwalimu mkuu kanambia njiani, daftari lasema Mize kaja skuli wiki nzima. Nimekuja kumchukua."

Nikauliza darasa Mize yuko wapi. Mtoto mmoja akajibu taratibu, "Mwalimu, Mize kafa wiki iliyopita. Kazikwa Chokocho, kwa bibi yake."

"Wanawake hatwendi makaburini," akasema yule mama. "Mie sikuona akizikwa. Nikasema, huenda yu hai."

Akapita baina ya mabenchi hadi penye nafasi, akaweka kiganja. "Pana joto. Alikaa hapa?"

Nami nikaweka mkono. Jua halikufika pale, mwanangu, lakini ubao wa benchi ulikuwa na joto kama la mtu aliyenyanyuka sasa hivi.

"Sikumwona, mama. Niliandika bila kutazama."

"Hata siku moja?"

"Hata moja."

Akakaa palepale mpaka kengele ikalia, kisha akaenda zake peke yake.

Mwalimu mkuu, Bi Raya, ambaye naye hakuwa na habari za msiba, hakunifokea. "Maiti umemwandika yupo," alisema. "Je, hawa walio hai umewaona?" Akafuta mazoezi yangu yote, kisha tukafuatana naye hadi Chokocho, kwa bibi yake Mize alikokaa yule mama, nikaombe radhi. Mama alinipokea, akanipa maji. Hakusema kama amesamehe, nami sikuthubutu kuuliza.

Basi wewe unayeingia kazi hii, ita kila jina na umtazame mwenye jina usoni. Asipoitika, uliza; ukiambiwa ni mgonjwa, nenda kwao. Usiandike usichokiona, hata kama akusimamiaye hayupo, kwani kuna mzazi atayaamini maandishi yako kuliko macho yake.

Mola akupe jicho la huruma na mkono mkweli, na kila utakayemwita akuitikie akiwa na uzima. Amin.