Nyumba ya Milango Miwili

Watu wanaoandika habari za Kyela huanza na Malafyale, chifu wa Wanyakyusa, wakaja kwa wamisionari, wakamaliza na Wajerumani. Nimechoka nao. Mtu ninayemtaka mimi hakuwa na kiti cha enzi, wala kengele, wala bunduki. Alikuwa na nyumba ya mianzi kando ya njia ya kutoka Mwaya kwenda Ipyana, na humo wasafiri wasio na kitu walilala wakakauka. Jina lake Nsajigwa. Habari zake nilipewa na mkamwana wake, Tusekile, aliyekaa naye chini ya paa moja miaka kumi na miwili bila kuuona uso wake hata mara moja.

Nsajigwa alianza kwa kubeba mizigo. Wajerumani walipofika ufukweni mwa Nyasa, shehena zao zilishushwa kutoka melini zikapandishwa milimani juu ya vichwa vya watu, na yeye alikuwa kijana mwenye shingo nene. Alibeba misumari, bati, vitabu vya misheni. Safari moja alibeba kinanda na wenzake watano, jambo alilolilalamikia mpaka uzeeni. Mizigo ilikuwa na turubai ya kuifunika. Waliobeba hawakuwa na kitu, na mvua ya huku hainyeshi kwa kubahatisha.

Masika moja mwenzake, Andrea, alianza kutetemeka njiani. Waliomba hifadhi katika nyumba tatu, na katika zote tatu wakajibiwa kwamba hawajulikani ni wa nani. Andrea alifia chini ya mgomba, mzigo wake umefunikwa vizuri. Nsajigwa hakuwasamehe wenye nyumba zile, nami siwezi kumlaumu.

Mnamo mwaka 1901 aliacha kubeba, akajenga. Ilikuwa nyumba ndefu yenye moto katikati na vitanda vya mianzi pande zote. Malipo yake yalikuwa mzigo wa kuni, au mkungu wa ndizi, au chumvi kidogo iliyofungwa kwenye jani. Asiye na kitu alifagia uwanja au alipanda kuziba paa. Majirani walimcheka sana. Nani atoe kitu ili alale? Mtu akisafiri hulala kwa jamaa zake. Lakini kodi ilikuwa imeingia, na watu walianza kwenda wasikokuwa na jamaa. Hao ndio aliowafikiria, na kila aliyepokea kitanda aliambiwa maneno yaleyale: "Ukilala kwangu, utaamka uende uendako." Aliyasema kama mtu anayeapa, na ahadi hiyo ndiyo iliyomponza.

Kosa lake la kwanza lilikuwa mlango mmoja. Kwa Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Mwanamke akisikia baba mkwe anakuja njiani, huiacha njia, huingia migombani, akajifunika na kumpa mgongo mpaka apite. Hamtaji jina, hamsemeshi, haketi alipoketi. Na baba mkwe si mmoja, maana ndugu zake nao ni baba mkwe. Sasa mwanamke aliye safarini angejuaje nani yumo ndani? Siku moja Nsajigwa alitoka nje kumwaga majivu, akamkuta mwanamke amesimama kwenye mvua tangu adhuhuri, mtoto mgongoni anakohoa. Ndani, mdogo wa baba mkwe wake alikuwa anaota moto, miguu ameinyoosha.

"Nimewajengea wanaume nyumba," Nsajigwa alimwambia mwanawe, Ambilikile, "na wanawake nimewaachia mvua."

Huo ulikuwa mwaka 1904, na mwaka huohuo Ambilikile alimwoa Tusekile. Nsajigwa akaongeza chumba upande wa nyuma, mlango wake ukielekea migombani, na njia yake yenyewe mpaka mtoni. Kati ya vyumba viwili akasimamisha ukuta wa mianzi. Upande wa wanawake akamkabidhi mkamwana wake. Hivyo watu wawili wasioruhusiwa kutazamana wakaanza kuendesha kazi moja. Mzee alipotaka kupita nyuma kuchota maji, aligonga nguzo mara mbili kwa fimbo, akangoja. Tusekile akishaondoka njiani, aligonga mara moja kwa mchi. Hapo mzee alipita. Asipojibiwa, alisimama palepale, hata kama ni kwa muda wa kuiva chungu cha maharage.

Kazi ilishika kasi. Wafinyanzi wa Kikisi, wanawake wa Ikombe, zamani waliishia ufukweni na vyungu vyao. Sasa Ambilikile aliwavusha kwa mtumbwi mpaka Mwaya, wakalala kwa Tusekile, na asubuhi Nsajigwa akawapa mtu wa kuwaongoza mpaka sokoni Tukuyu, anayejua kivuko kipi kina mamba na mwezi gani. Safari nzima, kwenda na kurudi, ililipwa kwa vyungu viwili. Wanawake ambao hawakuwahi kutoka vijijini mwao walianza kwenda kuwaona mama zao. Mimi hilo naliona kubwa kuliko barabara yoyote ya Wajerumani.

Hezroni, mwinjilisti wa Ipyana, alikuwa akipita hapo kila mwezi, na hakuwa mtu wa kunyamaza.

"Tata, baba yangu, wewe umebatizwa," alimwambia. "Tusekile ni binti yako. Mwite mle pamoja, mambo ya kugongeana nguzo yaishe."

"Mwalimu," Nsajigwa akamjibu, "wanawake hawaji hapa kwa sababu ya paa. Mapaa yapo mengi. Wanakuja kwa sababu wanajua nitangoja."

Vita vilianza mwaka 1914. Mtumbwi ulichukuliwa, Ambilikile akachukuliwa pamoja nao, na hakurudi. Baada ya hapo njia ilijaa wanaume waliokimbia kukamatwa upagazi. Walitembea kwa kujificha, na walijua mahali pa kulala. Nsajigwa aliwapokea kama alivyompokea kila mtu, kwa kuni na kwa maneno yale.

Aprili 1916 mvua ilinyesha siku tatu bila kupumua. Mto ulifurika, na wanaume kumi na mmoja wakakwama upande wa mbele wa nyumba. Upande wa nyuma kulikuwa na wafinyanzi wanne, mmoja wao akiwa na homa. Asubuhi ya siku ya nne, uji ukiwa jikoni, alifika mnyapara wa wapagazi na askari wanne. Nsajigwa alitoka barazani, akauvuta mlango nyuma yake, akaanza salamu. Salamu zetu zikitakiwa kurefuka hurefuka. Aliuliza habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za migomba na upepo.

"Mzee, wamo wangapi?" mnyapara akamkatiza.

"Wamo waliochoka."

"Watoe."

"Wamelala kwangu. Wataamka waende waendako."

Tusekile alisikia kila neno. Alishika mundu, akakata kamba za ukuta, akaiangusha mianzi aliyoikuta imesimama tangu alipoolewa. "Wanaume, piteni huku," alisema. Wafinyanzi walijifunika, wakageukia pembeni. Wanaume walipita mmoja mmoja, vichwa chini, hakuna aliyemtazama mtu, wakatokea mlango wa wanawake, wakaingia migombani na kupotelea kwenye matete ya mtoni. Lakini ukuta ule ulikuwa umeshikilia nguzo ya kati. Nguzo ikaanza kulala, na paa juu ya mgonjwa likalia. Tusekile akaitia bega.

Mwanamume wa mwisho alipotoka, Nsajigwa alisikia kimya nyuma yake, akateleza ndani akakomea mlango. Askari walianza kuupiga kwa vitako vya bunduki. Kutoka alipokuwa mpaka mlango wa nyuma palikuwa na hatua sita. Tusekile alisikia mguu wa kushoto wa mzee ukiburuzwa, kama ilivyokuwa kawaida yake, akavuta nguo kwa mkono mmoja akafunika uso, bega likiwa bado kwenye nguzo. Akangoja baba mkwe wake apite.

Akasikia fimbo ikigonga mara mbili.

"Ningejibuje?" aliniambia. Ilikuwa imepita miaka mingi. "Kujibu maana yake nimeondoka, njia ni nyeupe. Mimi sikuwa nimeondoka. Ningeiachia nguzo, paa lingemwangukia yule mama mgonjwa. Nikasema moyoni, atapita tu. Siku kama ile, nani angengoja?"

Yeye alingoja. Alimngojea mkamwana wake aondoke, naye mkamwana alimngojea apite, na katikati ya heshima hizo mbili mlango ukavunjika. Hawakumpata mtu mwingine wa kumfunga, kwa hiyo wakamfunga yeye. Alikuwa mzee, lakini mnyapara alitaka kichwa cha kubeba mzigo, na kichwa kile kilikwisha kuzoea. Mwezi uliofuata Waingereza walivuka Songwe, na Wajerumani wakarudi nyuma kupitia milimani pamoja na wapagazi wao.

Nimejaribu kumkasirikia Nsajigwa. Hatua sita, na ukuta umeshaanguka, na wanawake wote wamefunika nyuso. Kisha nakumbuka yule mwanamke aliyesimama mvuani na mtoto anayekohoa, na hasira inaniishia.

Tusekile aliurudisha ukuta. Aliwapokea wachache waliopita, wanaume mbele na wanawake nyuma, na alikula peke yake. Mwaka uliofuata, mvua zilipokatika, alikuja mtu aliyekonda aitwaye Yakobo, mwenyeji wa Katumba Songwe. Alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kutafuta jamaa za mzee mmoja waliyebeba naye mizigo, aliyefia kwenye baridi ya Ubena. Jina lake hakulijua. Wenzake walimwita Mzee tu, naye alisema kwao ni upande wa Mwaya.

"Ugonile, mama," alisalimu, akaketi barazani. "Alikuwa na kovu juu ya jicho la kulia, na ndevu nyeupe. Ni wa hapa?"

Tusekile hakuwahi kuuona uso huo. Alikuwa amempikia mtu huyo miaka kumi na miwili.

"Sijui kovu," alisema. "Alikuwa anaburuza mguu wa kushoto?"

"Mama, kule sote tuliburuza miguu."

"Alikohoa?"

"Sote tulikohoa." Yakobo alifikiri kidogo. "Ila alikuwa na jambo lake, na tulimcheka, Mungu atusamehe. Kila jioni tukishajenga kibanda, sisi tunaingia mbio kwenye moto. Yeye anagonga mti wa kibanda mara mbili kwa fimbo, kisha anasimama nje kwenye baridi. Tunamwambia, Mzee, unambishia nani hodi? Humu hamna mwenye nyumba, ingia. Haingii upesi. Anasimama kama anasikiliza kitu."

Tusekile alishika ukingo wa baraza kwa mikono miwili.

"Na nani alikuwa anamjibu?"

"Hakuna, mama. Tungemjibu nini?"

"Ndaga, asante, mwanangu," alisema. "Ni wa hapa."

Aliinuka akaingia ndani. Yakobo, aliyebaki barazani, alimwona akiuchukua mchi kutoka kwenye kinu na kwenda mpaka kwenye nguzo. Aligonga mara moja. Kisha akaondoka njiani.