Kosa Alilolichukua Moraa

Juzi pale Masimba nilimsikia msichana akimfokea mwenzake uwanjani kwa kupoteza mpira, nikamkumbuka Moraa.

Hakuna msichana aliyemshinda Moraa kwa mbio katika shule yetu ya misheni kule Birongo. Katika mbio za kupokezana, mimi ndiye niliyempa kijiti, naye alinichosha. "Nyosha mkono! Umelala?" alinifokea kila jioni. Nilimwogopa kuliko mwalimu.

Alasiri ya mashindano nyasi zilikuwa zimelowa, na harufu ya matope ilichanganyika na ya ndizi za kuchoma. Nilimfikia nikihema, kijiti kikaniponyoka kabla hajakishika. Tukawa wa mwisho.

Mwalimu, aliyekuwa mbali kwenye mstari wa kuanzia, alikuja amekasirika. "Nani amekiangusha? Huyo hatakimbia tena."

Nilifungua mdomo, lakini Moraa akanitangulia. "Ni mimi, mwalimu."

Mwalimu akamtoa kwenye timu papo hapo. Mimi nilidhani Moraa anapenda mno kutajwa, hata kosa langu amelitaka liwe lake. Njiani nilimwuliza kwa hasira, "Mbona umedanganya?"

"Mimi watanirudisha," alisema bila kunitazama. "Wewe wakikutoa, ndio basi."

Hawakumrudisha. Leo naelewa alichokifanya, lakini siku zile sikuelewa. Muhula uliofuata nilikimbia, yeye akiwa ameketi nyasini, nami sikujua kama nimwombe radhi au niendelee kumkasirikia.