Binti yangu alipotea kwenye msiba wa mama yake, na kelele zetu zikamficha zaidi

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yamenikuta mwenyewe, hapa Sindeni, Handeni. Sijasoma sana. Nitaandika yalivyokuwa, hata pale ninapoaibika.

Nina binti, Zaina, miaka mitano. Haongei. Ukimwita hageuki.

Mimi nilisema ni kiburi. Siku moja nilimchapa kwa sababu hiyo.

Mama yake hakukubali. Alipanda naye basi hadi hospitali Korogwe, zaidi ya mara moja. Akarudi na jibu: mtoto ana usonji. Masikio ni mazima, ila kelele zinamtesa. Daktari alimweleza pia kwamba usonji na ulemavu wa akili ni vitu viwili, mtoto anaweza kuwa na kimoja au vyote, na Zaina bado wanamfuatilia.

"Baba Zaina, ukimtaka usimwite," aliniambia. "Pepeta mahindi, atakuja mwenyewe."

Nilicheka.

Mwaka huu mke wangu akaugua, hakukaa sana, akafariki.

Siku ya pili ya msiba, alasiri, nyumba imejaa watu, mama mkwe akauliza, "Zaina yuko wapi?"

Hakuna aliyejua.

Nyuma ya nyumba kuna shamba la mahindi, na chini yake lambo la kunyweshea ng'ombe. Zaina anapenda maji kuliko chakula.

Huku kwetu mtoto akipotea, watu hupiga madebe na kuita. Tukaingia shambani wote. "Zaina! Zainaaa!" Niliita kuliko wote.

Lamboni tukakuta kandambili yake moja kwenye tope. Wanaume wawili wakaingia majini, wakapapasa chini. Hawakupata kitu.

"Mtoto gani huyu, hata jina lake halijui?" jirani mmoja alisema.

Hapo ndipo maneno ya marehemu yalinirudia.

Niliwaomba wote wanyamaze. Nikakimbia nyumbani, nikachukua ungo wa mama yake, nikatia mahindi, nikakaa pembeni mwa shamba nikaanza kupepeta.

Kwetu mwanaume hashiki ungo, sembuse mfiwa, mbele ya waombolezaji.

"Huzuni imempanda kichwani," nikasikia nyuma yangu.

Shangazi yangu akamkatiza, "Funga mdomo wako. Mwache."

Sijui kupepeta, wakuu. Nusu ya mahindi ilimwagika. Niliendelea tu, shaa, shaa, shaa, macho yangu kule lamboni.

Mabua yakatikisika. Akatoka, ameziba masikio kwa mikono, tope hadi magotini. Hakuniangalia. Akakaa chini, akashusha mikono, akaweka kiganja chini ya ungo.

Alikuwa amejikunyata hatua chache tu kutoka njia tuliyopita na madebe yetu.

Nilichojifunza: mtoto asiyeitika si lazima awe mkaidi. Mpelekeni hospitali mapema, na mkishaambiwa, waambieni ndugu na majirani. Mimi nilificha kwa aibu. Ndiyo maana siku ile hakuna aliyejua kwamba alitakiwa kunyamaza.

Wenye watoto kama wangu, nawasikiliza. Kila asubuhi Zaina analeta ungo, ananiwekea mapajani, kisha anatazama mlangoni.

Nimwelezeje kwamba mama yake harudi?