Muziki wa gwaride nachagua mimi, sifa anabeba mume wangu

Admin, nifiche jina na la shule pia, kwa sababu mume wangu anaufuata ukurasa huu na huwa anajitia kuwashauri watu kwenye maoni. Leo ajishauri mwenyewe.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, naishi Madale, nina watoto wawili. Mimi na mume wangu tunafundisha shule moja ya msingi ya binafsi, mimi hesabu, yeye michezo. Ukimwona na filimbi yake shingoni utadhani mtu wa maana. Mimi niliyeishi naye miaka tisa najua kuwa hata kupiga makofi kanisani anapishana na wenzake.

Kwenye shule zetu hizi siku ya michezo ni siku ya kujionyesha kwa wazazi. Watoto wanaingia uwanjani kwa gwaride, timu nyekundu, bluu na njano, na mwisho wanatoka kwa gwaride. Muziki wa kuingia na wa kutoka anauchagua mwalimu wa michezo. Mwaka wa kwanza mume wangu alichagua mwenyewe. Jamani! Aliweka matarumbeta yale ya kumsindikiza bibi harusi. Watoto badala ya kunyanyua miguu wakakata mauno, akina mama wakashuka uwanjani na khanga zao, bibi mmoja akaanza kumtunza mjukuu wake katikati ya mstari. Mkurugenzi, yaani mwenye shule, alinuna mpaka jioni.

Nikamwonea huruma, na hapo ndipo nilipokosea. Tangu mwaka uliofuata nachagua mimi. Asubuhi watoto wakiwa mstarini nasimama pembeni na simu, nahesabu hatua zao kwa dakika. Darasa la kwanza wana miguu mifupi, muziki ukienda mbio wanaanza kukimbia na kukanyagana visigino. Wa kutoka ndio mgumu zaidi, maana hapo wameshachoka na jua limewapiga. Jumapili mchana nawatembeza wanangu uani huku nakata nyimbo kwenye simu, bwana mkubwa amejilaza kwenye kochi anaangalia mpira. Nikimaliza naweka kwenye flashi, namkabidhi, anaenda nayo kifua mbele.

Mwaka huu watoto waliingia vizuri mpaka mgeni rasmi akasimama. Akauliza kwenye kipaza sauti ni nani aliyepanga muziki ule. Mimi nilikuwa nimechuchumaa namfunga mtoto wa darasa la kwanza kamba za kiatu. Mume wangu akapokea kipaza sauti, akasema, "Mheshimiwa, mie nikisikia wimbo naiona miguu ya mtoto."

Hayo maneno ni yangu! Nilimwambia jikoni siku moja namenya viazi. Nilidhani hata hasikilizi.

Mwalimu mwenzetu akamtania, "Mama J hajakusaidia kweli?" Mume wangu akacheka, akajibu kwa kipaza sauti kilekile, "Mama J? Yule mwachieni kujumlisha na kutoa, muziki hauwezi." Uwanja mzima ukacheka, wakiwemo wanafunzi wangu. Mimi nikaendelea kufunga kamba, nikafunga mpaka mtoto akaniambia, "Ticha, unaniumiza."

Mkurugenzi alifurahi sana. Akampa mume wangu kazi ya kupanga michezo ya pamoja na shule yake nyingine, na akamwambia ikienda vizuri atamfanya mwalimu mkuu msaidizi. Maana yake atakuwa bosi wangu. Yeye!

Nyumbani nilimuuliza kwa nini hakunitaja.

"Mama J nawe, si sie ni kitu kimoja? Sifa zangu si zako?"

"Basi ungesema ni zangu."

"Acha mambo madogo hayo. Nipangie mwingine, ila safari hii uwe na moto."

Nikampangia. Admin, hapa ndipo ninapoungama. Nilichukua wimbo wa mbio kabisa, hata mtu mzima hawezi kwenda nao kwa gwaride, nikamwekea tuone kama atashtuka. Alisikiliza huku anakula, anatikisa kichwa nje ya mdundo, akasema, "Hii ndiyo yenyewe." Nikawaita watoto wautembee palepale sebuleni. Hawakufika hata mlangoni, J alimkanyaga mdogo wake kisigino, wakaanguka wote wawili. Mume wangu akasema watoto hawana mazoezi. Flashi akaitia kwenye begi lake. Yenye muziki sahihi ninayo mimi kwenye mkoba.

Michezo ni Jumamosi hii. Nikinyamaza, ataumbuka mbele ya shule mbili na cheo atakisikia kwa wenzake. Sitawadanganya, nimeiwazia picha hiyo mara nyingi na nimeifurahia. Lakini watakaoanguka ni watoto wa darasa la kwanza, walewale ninaowafunga kamba, na wazazi wao wamekaa wanaangalia. Wale hawajanikosea kitu. Kwa hiyo flashi nitaibadilisha Ijumaa akiwa bafuni. Jumamosi watoto watatembea vizuri, yeye atapongezwa, na mimi nitakuwa pale nimesimama kama mke wa mtu.

Msinishauri ya flashi basi, hayo nimeyamaliza. Ninachowauliza ni kingine. Siku hizi akipita koridoni natazama hatua zake zinavyokwenda ovyo, naona kinyaa. Jana aliniita kwa upole tu, kwa jina langu la usichana, nikajikuta nimesonya kabla sijageuka. Wala hajanipiga, hana mchepuko ninaoujua, watoto wanampenda. Walioolewa nisaidieni: mume ukishamdharau hivi, kuna aliyewahi kurudi akamheshimu tena? Alianzia wapi?