Jogoo wa Neoni na Kitunguu Saumu

Kwanza nimsifu mume wangu, maana yeye mwenyewe hakujua kujisifu. Katika mji mzima wa Likasi mtu aliyeweza kumtunza jogoo yule alikuwa mmoja tu, na mashati yake niliyafua mimi.

Jogoo mwenyewe alikaa juu ya mlango wa mkahawa wa kuku wa kuchoma, mjini kati, mali ya mzee mmoja Mgiriki. Alikuwa wa mirija ya kioo, imekunjwa kwa moto na mtu mwenye mkono usiotetemeka: kifua cha manjano, mkia wa buluu wenye manyoya matano yaliyopinda kama mundu, kishungi chekundu, miguu miwili myekundu. Mimi nilisoma miaka mitatu tu kwa masista, siwezi kuwaeleza gesi ni nini. Lakini mchana niliona kwamba mguu ule ni kioo kitupu, unaona ukuta nyuma yake. Jua likishuka mzee anabonyeza swichi, kioo kinashtuka mara mbili, tatu, halafu wekundu unajaa mpaka kwenye kucha. Sisi wasichana tulivaa vizuri ili kupita chini yake tu. Kuku hatukununua. Tulipita, tukawa wekundu usoni, tukageuka, tukapita tena.

Mume wangu alikuwa fundi wa umeme kule usine, kiwanda cha madini. Kila Jumamosi alipanda ngazi pale mkahawani kumhudumia jogoo: anafuta vumbi, anabadili waya, anasikiliza transfoma. Ndiyo, anasikiliza, sikio limeinama kama daktari. Akishuka anasema, "Leo anakohoa kidogo." Nilimpendea hilo kabla sijampendea jambo lingine lolote.

Halafu ikaja miaka ile mibaya. Watu walivunja maduka, wakabeba mpaka milango na masinki. Mgiriki akafunga sanduku moja. Kabla ya kuondoka alimwita mume wangu, akamwonyesha juu kwa kidole.

"Miye siwezi kuenda naye. Weye njo ulimulisha miaka yote. Beba."

Tulibeba haraka, kwa sababu wakata-waya walikuwa wamekwisha kuanza. Msalaba wa kijani wa famasi, nyota ya sinema, kiatu cha duka la viatu, vyote vilianguka juma moja, kwa ajili ya shaba ya urefu wa mkono. Kioo kilikuwa kimetapakaa njiani kama maganda ya karanga, na watu wanakikanyaga. Nilifunga kila mrija ndani ya kitenge, hata vitenge vyangu vya arusi, nikavipanga kwenye toroli juu ya godoro letu la kulalia. Njia yote hadi mtaani kwetu Kikula nilitangulia nikipiga kelele, "Mupishe! Mugonjwa!"

"Nani mugonjwa?" akauliza jirani yangu, mama mmoja ambaye hapitwi na jambo.

"Kuku."

"Na munamulalisha kwa godoro? Yaya, kichwa yako iko muzima?"

Shemeji yangu aliyekuwa akivunja mawe kwenye machimbo ya Kakontwe alituletea chokaa, tukaupaka ukuta wa mbele ukawa mweupe, na mume wangu akamtundika jogoo juu ya mlango. Kila Jumapili, saa kumi na mbili jioni, umeme ukiwapo, alimwasha kwa muda wa saa moja. Watu walitoka makanisani, Wakatoliki na wale wa sala za makelele, wote wakasimama mbele ya nyumba yetu na Biblia mkononi, nyuso zao zikiwa nyekundu na buluu. Akina mama walileta viti vyao. Mtu asiye na kitu mezani alikuwa na kitu cha kutazama.

Msidhani yalikuwa mapambo tu. Usine ilikuwa inakufa. Mafundi waliambiwa wangoje, na mume wangu alingoja kweli: kila asubuhi anavaa nguo yake ya kazi ya buluu niliyoipiga pasi, anakaa kwenye kiti, anatazama mlango. Miezi. Hali chakula, hasemi. Wanaume wa namna hiyo tuliwazika wengi mtaani kwetu, na hakuna aliyejua ugonjwa wao. Jogoo ndiye aliyemtoa mume wangu kwenye kiti kile. Sasa alikuwa na ngazi ya kupanda, kitambaa cha kufutia, transfoma ya kusikiliza. Kwa hiyo msinicheke nikisema kwamba jogoo angevunjika, ningekuwa mjane.

Jumapili moja akaja mwanamume mwenye miwani ya jua, mnunuzi wa mawe ya machimboni. Alimtazama jogoo kwa muda, halafu akamwita mume wangu pembeni, lakini kwa sauti ya kusikika na wote.

"Papa mukubwa, ile rangi nyekundu inatokea wapi? Muchana kioo iko bule."

"Ni gaz."

"Gaz!" Akacheka. "Bazungu njo balikwambia vile? Papa, ile ni mercure rouge."

Hapo watu wote wakasogeza viti karibu. Wakati ule habari ya mercure rouge, zebaki nyekundu, ilikuwa inazunguka kama homa. Walisema wazungu waliificha ndani ya cherehani na redio za zamani, na kwamba tone moja linakutajirisha wewe na ukoo wako. Hakuna aliyewahi kuiona. Lakini namna ya kuipima kila mtu aliijua: ukiisogezea kitunguu saumu, inakimbia.

Yule bwana akatoa kitunguu saumu mfukoni mwa koti. Nawaapia, alitembea nacho. Akapanda juu ya kigoda changu bila kuomba, akanyoosha mkono, akakisogeza karibu na mguu wa jogoo. Na hapo hapo umeme ukapungua, kama ulivyopungua kila jioni watu wa mji wakiwasha majiko yao. Mguu ukafifia. Ukapotea. Mkono wa yule bwana ukashuka kwa hofu, na umeme ukarudi, mguu ukawaka tena vizuri kabisa.

"Iii!" akalia jirani yangu. "Inakimbia kitunguu!"

"Ni courant tu, bamama!" mume wangu akasema. "Inashukaka kila siku!"

Nani alimsikiliza? Kesho yake mnunuzi alirudi na ahadi ya baiskeli mpya na magunia ya unga wa mahindi. Sitawadanganya. Tulikuwa tunakula mara moja kwa siku, na nilipomtazama jogoo niliona bukari, ugali wetu, linatoa moshi. Halafu nikamtazama mume wangu. Alikuwa ameshika ngazi yake kwa mikono miwili kama mtu anayeshika mtoto kwenye msongamano. Nikamwambia yule bwana aende na baiskeli yake.

Jumamosi, saa sita mchana, walikuja. Walikuwa wachimbaji zaidi ya ishirini, na nyundo zao, vumbi la machimbo bado kwenye nyusi, na mwenye miwani yuko nyuma yao anapiga mluzi. Mume wangu akasimama mlangoni, akanyoosha mikono.

"Mutapita juu yangu kwanza!"

"Papa," akasema mmoja, kwa upole kabisa, "njo vile tutapita."

Mimi nilikuwa uani natwanga sombe. Nilitoka na mchi mkononi, majani ya muhogo bado yamenata kwenye ncha.

"Munatafuta nini?"

"Mama, shiye tunatafuta tu mercure. Kuku yenyewe tutakuachia."

"Munataka kuenda bote Buluo kufungwa juu ya kuku? Bon. Muikale chini. Miye njo nitafungua, na weye mwenye mandala ya jua, kuya mbele uone vizuri."

Nilitandika shuka jeupe chini ya jogoo. Nikavuta kigoda, nikapanda. Nilijua kitu kimoja tu: nisipowaonyesha tumbo la mrija mmoja, watavunja yote. Mkia sikutaka kuugusa, ulikuwa uzuri wake wote. Nikachagua mguu wa kushoto. Kuku wangu wa uani walisimama kwa mguu mmoja kutwa nzima na hawakunilalamikia.

"Mama, hapana!" mume wangu akapiga kelele. "Mama, hapana!"

Nikapiga.

*Pff.* Sauti ndogo, kama mtu anayezima mshumaa. Vipande vikaanguka kwenye shuka. Wanaume wazima ishirini wakapiga magoti, wakachambua kioo kwa vidole kama wanawake wanaochambua maharage. Mwenye miwani akazungusha kitunguu saumu chake juu ya vipande. Hakuna kilichokimbia. Mmoja akaona kitu chenye unyevu kwenye kipande kikubwa, akakigusa, akaonja kwa ulimi. Wote wakamtazama.

"Iko nini?"

Akatafuna kidogo. "Iko sombe."

Sijasikia kicheko kama kile tena. Walicheka mpaka mmoja akaangusha nyundo yake mguuni, wakamcheka na yeye. Mwenye miwani akapaza sauti kwamba zebaki imetoroka, kwamba mwanamke huyu ameifukuza.

"Kama imetoroka, uifuate!" nikamwambia. "Barabara njo ile!"

Aliondoka, na wachimbaji wakamsindikiza kwa kumwitia kuku, "Kru-kru-kru!" Nasikia baadaye alikwenda kununua cherehani za watu mtaa wa pili.

Mimi nilijiona jemadari. Nikaenda kubonyeza swichi, ili mtaa wote uone. Jogoo hakuwaka. Si mguu tu: hakuwaka kabisa, hata manyoya. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba mirija ile imefungwa mmoja kwa mwingine kama shanga kwenye uzi, na kwamba nilikuwa nimekata uzi wenyewe.

Mume wangu hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Alifagia vioo, akaenda kukaa kwenye kiti chake. Usiku ule sikula, na si kwa sababu ya umaskini.

Jumapili asubuhi niliamka nikakuta kiti kitupu. Alirudi mchana, mikono imejaa grisi, na waya mnene mweusi shingoni kama nyoka. Alikuwa ameutoa kwenye lori bovu, ule waya unaopeleka moto kwenye plagi.

"Huu hauogopi umeme mukali," akasema. Ndilo neno la kwanza tangu mguu uvunjike. "Nipatie bisu."

Alifanya kazi siku tatu. Aliruka lile pengo la mguu kwa waya, akaufunika kwa vipande vya chupa za dawa, akanituma huku na kule kama mwanafunzi wake, akanifokea, akaomba chakula. Akaomba chakula! Nilimpa sahani yangu nayo.

Jumatano jioni akabonyeza swichi. Jogoo akashtuka mara mbili, tatu, akawaka: kishungi, kifua, manyoya yote matano, na mguu mmoja. Jirani yangu alipiga vigelegele peke yake, akaingia ndani kuangalia chungu chake. Mume wangu akashuka ngazi, na alipofika chini akaanza kucheka, mpaka akakaa juu ya ngazi ile.

"Weye ulichagua muguu juu ya nini?"

"Juu mukia ni muzuri."

"Unajua ndani ya mukia iko nini?"

"Gaz."

"Gaz, na tone ya mercure. Ya kweli. Si nyekundu, inangaa kama feza. Bila ile, buluu haitoki. Kama ungepiga mukia, ingeanguka pale kwa shuka, mbele ya bote."

Nilitazama juu. Manyoya matano. Nikakaa chini kwenye udongo kando ya ngazi yake.

"Bangebomoa nyumba," nikasema.

"Bangebomoa Kikula muzima."

Hatukumwambia mtu. Yeye alikaa na siri hiyo mpaka tulipomzika, miaka mingi baadaye, mzee aliyeshiba. Nami nimekaa nayo mpaka leo. Lakini sasa wajukuu wangu ndio wanaopanda kumfuta jogoo vumbi, na wana mikono ya haraka haraka. Ni lazima wajue ni manyoya yapi ya kushika polepole.