Chiriku na Kadi ya Dada

Tangu utotoni walimwita Chiriku, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Mdomo wake haukuwa na breki. Aliuza mitumba kwenye soko la nguo, amesimama juu ya benchi katikati ya lundo la mashati, na hakuna mpita njia aliyeachwa apite salama. "Wewe kaka, hilo shati ulilovaa limechoka kuliko wewe! Njoo tulipumzishe!" Mtu alinuna kwanza, kisha akacheka, kisha akanunua. Wauzaji wenzake walisema siku Chiriku atakaponyamaza, bora kila mtu afunge robota lake aende nyumbani.

Dada yake alikuwa wa aina nyingine kabisa. Alipiga pasi katika hoteli kubwa, kwenye chumba cha chini kilichojaa mvuke, mashuka kutwa nzima, ndiyo maana akaitwa Mama Pasi. Alikuwa mpole, mzito wa maneno, na hakupenda kuona kitu kimekunjamana. Hata risiti ya dukani aliinyoosha kwa kiganja kabla ya kuitupa. Walilala kitanda kimoja utoto wao wote, na sura zilikuwa zile zile, ila mmoja alitangulia kuzaliwa na mwingine akaja na kelele zote za nyumba ile.

Mama Pasi alikuwa na kadi ya bima. Hoteli ilimkata kwenye mshahara, na kadi ikamfungulia mlango wa hospitali nzuri ya kulipia, yenye viti vya kukaa na choo kinachofungika. Ilimtibu yeye mwenyewe, mumewe na mtoto wake. Mume alishaondoka zamani akaoa kwingine, lakini jina lake lilikuwa bado limo. Angeumwa jino huko aliko, bima ingemng'olea. Mdogo wake wa tumbo moja, aliyemlelea mtoto tangu ananyonya, hakuwemo. Kuna watu walikaa kwenye chumba chenye kiyoyozi, wakanywa maji ya chupa, wakaamua nani ni ndugu wa mtu na nani si ndugu. Laiti wangekuja kulala usiku mmoja katika nyumba ile wangeona aibu.

Mtoto mwenyewe alikuwa binti wa shule ya msingi, mwembamba, aliyezaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu. Maumivu yalipomshika, macho yake yaligeuka manjano na miguu ikakataa kumbeba. Dawa zake za kila mwezi zilitoka kwenye dirisha la bima pale hospitalini. Bila ile kadi asingefika alipofika, na pale nyumbani hakuna aliyehitaji kukumbushwa hilo.

Kisha Chiriku akaanza kutokwa na damu. Ilianza taratibu, ikazidi, mpaka akawa anauza mashati ameketi, na siku moja akaanguka kutoka juu ya benchi lake. Kwenye hospitali ya umma walimwambia ana uvimbe kwenye kizazi na kinapaswa kutolewa, wakamtajia gharama, naye akacheka mpaka muuguzi akaudhika. Jioni hiyo Mama Pasi alimwekea kadi mkononi. Picha iliyokuwa juu yake ilikuwa ya zamani, na mtu yeyote angeapa kuwa ni ya Chiriku.

"Ukiulizwa jina, taja langu," dada akamfundisha. "Ukiulizwa kazi, sema unapiga pasi. Zaidi ya hapo, funga mdomo."

"Hata salamu, dada?"

"Salamu itikia. Usianzishe wewe."

Chiriku akalazwa, akapasuliwa, kizazi kikatolewa, akapona. Lakini hospitali ilituma karatasi hotelini kwamba mpiga pasi wao amefanyiwa upasuaji, kwa hiyo ilibidi Mama Pasi naye augue. Alilala nyumbani, mzima wa afya, blanketi mpaka kidevuni, na wenzake wa kazini wakaja na sukari na sabuni kumpa pole. Mpishi mmoja wa hoteli, mama mwenye umbea wake, alitaka kuonyeshwa mshono. Mama Pasi, ambaye hakuwahi kudanganya hata umri wake, alitoa mguno wa uchungu uliowatisha wote wakaaga. Saa ya kuona wagonjwa alijitanda mtandio akaenda wodini, akasimama kando ya kitanda chenye jina lake mwenyewe.

"Pole, dada," akamwambia mdogo wake, kwa ajili ya masikio ya watu.

"Ahsante, mdogo wangu," Chiriku akajibu. "Umekula? Mbona umekonda hivyo, hunisikilizi dada yako?"

Walicheka mpaka mshono ukamuuma Chiriku akalia machozi. Kwa miaka mingi kisa hicho kilikuwa kichekesho cha nyumba ile. Walipogombana, Chiriku alisema, "Niheshimu, mimi ni dada yako kwa maandishi," na ugomvi ukaishia hapo.

Miaka ikapita. Mama Pasi alishaaga mambo ya hedhi, akashukuru. Asubuhi moja Chiriku alikuta shuka kwenye beseni, maji mekundu.

"Dada, hii damu ya nani?"

"Yangu. Usipige kelele, mtoto atasikia."

Walikwenda pamoja hospitalini na kadi yao. Daktari alikuwa dada kijana, mpole, mwenye mikono ya baridi ambayo aliisugua kwanza kabla ya kumgusa mgonjwa. Alimpima Mama Pasi kwa mashine, akatazama kioo cha mashine, akatazama kompyuta, kisha akarudi kutazama kioo.

"Mama, hapa panasema kizazi chako kilitolewa. Tena hapa hapa kwetu."

Mama Pasi alilinyoosha shuka la kitanda kwa kiganja. Daktari akainua gauni akatazama tumbo, halikuwa na kovu lolote. Akageuka kumtazama mwanamke mwenye sura ile ile aliyekaa kwenye kona. Chiriku alikuwa ameshika tumbo lake mwenyewe kwa mikono miwili, wala hakujua kama ameshika. Daktari akainuka, akafunga mlango.

"Sijauliza kitu," akasema kwa sauti ya chini, "na msiniambie kitu. Nikiambiwa itanibidi niandike. Ninachokiona ni uvimbe mbaya. Bado haujatoka nje ya kizazi, kwa hiyo kikitolewa mapema utapona, mama. Nitaomba kibali cha bima. Tumwombe Mungu."

Mungu huenda alikubali, ila bima ilikataa. Bwana mmoja wa dirisha la bima, mwenye miwani aliyoipandisha kwenye paji la uso, hakuwa mtu mbaya. Aliwajua, maana kila mwezi alimpa Mama Pasi dawa za binti.

"Mfumo umekataa, mama. Unaombewa kutolewa kizazi, na kizazi ulishatolewa. Binadamu ana kimoja tu." Alitabasamu. "Kama kuna makosa mahali, andika malalamiko. Watachunguza. Watakupima upya, watatazama picha za ule upasuaji wa kwanza."

"Na kadi?" Mama Pasi akauliza.

"Uchunguzi ukianza kadi inafungwa, ya kwako na ya anayekutegemea. Wakikuta udanganyifu, mwajiri anaambiwa, na mambo yanakwenda polisi."

Mama Pasi aliitazama kadi, akaifuta kwa ncha ya mtandio.

"Hakuna makosa, baba. Nilisahau tu."

Bwana wa dirishani alicheka sana. Kusahau kitu kama hicho! Akawatakia siku njema.

Njiani Chiriku alitangulia mbele kwa hatua kubwa. Walipoingia ndani akalipuka. Alisema anakwenda kueleza yote, ni yeye aliyelala pale, wamfunge, kwani jela kuna nini, huko nako atapata wa kuwauzia mashati. Alikwishafika mlangoni. Mama Pasi alimshika mkono kwa nguvu ambayo Chiriku hakujua kama anayo.

"Ukisema, kadi inafungwa. Mtoto atakunywa nini?"

"Na wewe utakufa!"

"Tutatafuta njia nyingine. Maisha yako yote umesema, mdogo wangu. Hili moja nifichie."

Chiriku akaapa. Alimpenda dada yake, alimpenda na yule mtoto, na siku ile aliona kwamba mapenzi yale mawili yamewekwa kwenye mizani na hakuna upande anaoweza kuuacha. Alikaa sakafuni akalia kwa sauti.

Njia nyingine ilikuwa hospitali ya umma. Huko kulikuwa na msamaha wa matibabu kwa wasiojiweza, uliotolewa na ofisi ya ustawi wa jamii mwisho wa ukumbi. Ofisa aliingiza namba ya kitambulisho cha Mama Pasi.

"Wewe una bima, mama. Msamaha ni wa wasio na bima."

"Bima imekataa."

"Sawa. Leta barua yao inayoeleza kwa nini imekataa."

Wakaangaliana. Wakashukuru, wakaondoka. Huku alikuwa na bima mno, kule alikuwa ametibiwa mno, na katikati alikuwapo mwanamke anayevuja damu. Hata Chiriku alikosa tusi la kuwafaa.

Ni yeye aliyewaza lililofuata. "Ulinipa jina lako," alisema, "sasa chukua langu." Kwa maandishi Chiriku alikuwa mtu anayefaa msamaha kuliko wote: hana mume, hana mwajiri, hana bima, ana lundo la mashati. Wakasubiri siku ambayo kiti kile kimekaliwa na ofisa mwingine, na Mama Pasi akaingia na kitambulisho cha mdogo wake. Alikubaliwa. Ila ilitakiwa barua ya serikali ya mtaa, kisha mtu aje kuona wanavyoishi, kisha kamati ikae. Kamati haikukaa, mwenyekiti wake alikuwa safarini kwenye semina ya kuwafikishia wanyonge huduma. Aliporudi, wajumbe wengine nao walikuwa wameondoka kwa semina zao.

Wakati wote huo Mama Pasi aliendelea kupiga pasi. Asipokwenda kazini atatafutwa, na akitafutwa hotelini, kadi itaulizwa. Alijifunga vitambaa ndani ya gauni, akasimama kwenye mvuke, akanyoosha mashuka ya wageni, na jioni Chiriku alimpokea mlangoni akamvua viatu. Kila asubuhi Chiriku alipita ofisi ya ustawi kuuliza. Aliuliza kwa mzaha, akauliza kwa kubembeleza, akauliza kwa kupiga magoti. Binti akawa anamtazama mama yake kwa macho ya mtu anayejua asichoambiwa.

Msamaha ulipotoka, Mama Pasi aliomba likizo kazini, akalazwa wodi ya umma kwa jina la Chiriku. Walimpasua na kumfunga saa hiyo hiyo. Daktari mpasuaji alitoka akamkuta Chiriku ukumbini.

"Mngemleta mapema," akasema, na kila mtu pale akasikia. "Nyie akina mama mnapenda kuficha magonjwa. Sasa umesambaa kote, tutafanyaje?"

Chiriku alikuwa na maneno ya kuwatosha watu wa soko zima. Hakumpa hata moja. Alitazama chini mpaka viatu vya daktari vikaondoka.

Mama Pasi hakukaa sana. Siku ya mwisho alimvuta mdogo wake karibu.

"Dawa za mtoto ni Jumatatu," akasema. "Kadi iko chini ya godoro, upande wa ukutani. Usiikunje."

Alifariki Jumatatu hiyo kabla jua halijachomoza. Chiriku aliporudi nyumbani kumwambia binti, habari ilimwangusha mtoto, maumivu yakampanda miguuni, macho yakabadilika rangi. Dawa zilikuwa zimekwisha. Chiriku alimlaza, akamfunika, akainua godoro akatoa kadi. Jirani akabaki na mtoto.

Kwanza alipita wodini. Muuguzi alisimama mlangoni na karatasi, akaita ndugu wa marehemu, akataja jina kamili la Chiriku, lile la kuzaliwa ambalo hata sokoni hawakulijua. Kidogo tu Chiriku aitikie kwamba yuko hai.

"Marehemu ni nani yako, mama?"

Wagonjwa wawili walikuwa wanamtazama. Chiriku aliikumbuka siku ile kando ya kitanda, mshono ukimuuma kwa kicheko, na mtandio wa dada.

"Mdogo wangu," akasema, akatia saini.

Kisha akaenda kwenye ile hospitali nzuri. Alijitanda mtandio wa dada yake, ambao ulinuka mvuke na sabuni ya hoteli. Hotelini walikuwa hawajajua. Jioni msiba ukitangazwa wangejua, na kadi ingekufa na mwenyewe. Alifika dirishani, akaisukuma kadi, hakuanzisha salamu.

Bwana wa miwani aliitazama picha, akamtazama yeye. "Habari za siku nyingi, mama? Umepungua." Akageuka kuchukua dawa za binti, akaziweka kwenye mfuko, akagonga mihuri yake. "Lile tatizo lako la tumbo liliishia wapi?"

"Lilikwisha."

"Unaona sasa!" akasema kwa furaha ya kweli. "Mfumo haukosei."

"Ndiyo, baba," Chiriku akasema, akanyoosha mkono arudishiwe kadi.