Spika za Pijo na mlenda wa mkwe

Nichekeni tu, maana hata mimi nimeshajicheka.

Mjukuu wangu Elisha alifunga spika mpya kwenye Pijo kuukuu ya marehemu mume wangu, Lazaro. Alizificha chini ya viti ili gari lisipoteze sura yake ya zamani, akaziunganisha na simu yangu. "Bibi, kwaya zako zitaimba humu," akasema. Habari ya watu wanaopiga simu hakuigusa.

Jumamosi tulikwenda Chemba kumchukua Damari, mama mzazi wa mke wa mwanangu. Nampenda kama dada yangu, ila mboga yake ya mlenda huwa na mchanga, na kwa kuogopa kumuumiza nilimdanganya kwamba daktari amenikataza mlenda.

Njiani tukirudi naye, shoga yangu Merina akapiga. Nikaibana simu sikioni, mtu wa siri mimi.

"Damari bado anaamini daktari alikukataza mlenda?" sauti ikanguruma chini ya makalio yetu. "Au umeshamwambia kwamba mboga yake ina mchanga?"

"Merina, acha kupiga kelele!" nikanong'ona.

Elisha akasimamisha gari, akalalia usukani kwa kicheko. Damari akainama, akachungulia chini ya kiti, kisha akanishika goti.

"Pole na ugonjwa, mkwe."